Kumbukumbu za Wanafunzi wa Bagira: Mtaa wa Wafanyakazi Uliogeuka Bweni

Utangulizi

Mji wa Bukavu, makao makuu ya Jimbo la Kivu Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, husifiwa kwa rasi zake tano zinazoingia Ziwa Kivu mithili ya vidole vya mkono. Majumba yaliyojengwa na Wabelgiji katika rasi hizo ndiyo yanayopamba picha nyingi za mji. Hata hivyo, mtu aliyesoma Bukavu katika miaka ya 1980 au ya 1990, akiulizwa habari za ujana wake, huenda asianze na ziwa wala majumba hayo. Huenda akaanza na chumba kimoja cha kupanga huko Bagira: bati linalovuja, kitanda kimoja cha watu wawili, na sufuria ya maharagwe juu ya mbabula, yaani jiko la makaa. Tena atasimulia kwa furaha. Makala haya yanakusudia kuchunguza furaha hiyo ilitokana na nini, na ina thamani gani kwa mwanahistoria wa elimu ya juu.

Asili ya mtaa

Bukavu, ambayo Wabelgiji waliiita Costermansville hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, iligawanywa kwa rangi kama miji mingine ya Kongo ya Kibelgiji. Ibanda ilikuwa ya Wazungu. Kadutu ilikuwa ya Waafrika. Baada ya Vita Kuu ya Pili wafanyakazi waliongezeka na nyumba hazikutosha. Ndipo, chini ya mpango wa maendeleo wa miaka kumi ulioanza mwaka 1949, serikali ya kikoloni ilipounda shirika la nyumba lililojulikana kwa Kifaransa kama Office des Cités Africaines, kwa kifupi OCA, mwaka 1952. Shirika hilo lilijenga mitaa ya Waafrika huko Léopoldville, Élisabethville, Usumbura na kwingineko. Kwa upande wa Bukavu, tunda la mradi huo ni Bagira.

Nyumba zilipangwa kwa safu juu ya kilima, mbali na makazi ya Wazungu. Nia ya wapangaji wa mji ilikuwa wazi: kumpata mfanyakazi aliyetulia, mwenye mke na watoto, anayeamka mapema kwenda kazini na kurudi jioni kwake. Mwanafunzi wa chuo kikuu hakuwamo katika ramani hiyo, wala asingeweza kuwamo. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 tu, na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada hawakufika hata thelathini.

Baada ya uhuru ujenzi wa namna hiyo ulififia. Rangi ilibanduka, mifereji iliziba, na familia zilizokuwa zikikua ziliongeza vyumba vya uani kwa matofali, mbao au udongo. Vyumba hivyo vya uani, ambavyo havikuwamo katika mchoro wowote wa mkoloni, ndivyo vilivyokuja kuwa bweni.

Kuja kwa wanafunzi

Chuo cha ualimu cha Bukavu, kijulikanacho kama ISP, kina mizizi yake katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vyote vya nchi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na muungano huo ulivunjwa mwaka 1981. Katika kipindi hicho mwanafunzi alikuwa na haki ya kutazamia fedha za masomo, chakula na malazi kutoka kwa serikali. Lakini uchumi ulipodorora, na masharti ya wakopeshaji wa kigeni yalipobana, haki hiyo ilinyauka mwaka hadi mwaka.

Ajabu ni kwamba vyuo viliongezeka wakati huo huo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianzishwa mwaka 1989, kile cha Kiinjili mwaka 1991, na mwaka 1993 kikafuata kituo cha serikali ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Mwaka huo huo wa 1993 sarafu iliporomoka hata ikabidi zaire mpya moja ibadilishwe kwa zaire 3,000,000 za zamani. Vijana walitoka Shabunda, Fizi, Uvira, Walungu na Idjwi, wakakuta chuo pasipo kitanda. Kitanda walikitafuta Bagira na Kadutu.

Maisha ya uani

Maisha yenyewe yalikuwa na utaratibu wake. Wanafunzi wawili au watatu walichangia chumba kimoja. Asubuhi waliteremka kwa miguu kupitia Brasserie hadi mjini, na siku za mvua viatu vilibebwa mkononi, vikavaliwa karibu na chuo. Jioni ilipikwa sufuria moja kwa zamu: bugali na sombe, au lengalenga, na fedha zikipatikana, sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Silabasi ya mwalimu ilinunuliwa moja, ikanakiliwa kwa mkono na wote. Maporomoko ya mto Ruzizi yanayozalisha umeme hayako mbali na mji, lakini umeme ulikatika mara kwa mara. Basi waliokuwa na taa ya mafuta waliwakaribisha wasio nayo, na mtihani mmoja ukasomwa na nyua tatu kwa mwanga mmoja.

Mwenye nyumba naye hakuwa mpokea kodi tu. Mwanafunzi alimwita mama, naye alimwita mwanawe. Kodi ilipochelewa, kijana alilipa kwa elimu: aliwafundisha watoto wa nyumba hesabu na Kifaransa, akawasomea wazee barua na kuwaandikia majibu. Mwanafunzi wa miaka ya juu aliitwa yaya, yaani kaka au dada mkubwa, na cheo hicho kilimbana: yaya hali peke yake.

Uani ulikuwa pia shule ya lugha. Darasani kilitawala Kifaransa. Nyumbani kwa kila mmoja palikuwa na Mashi, Kilega, Kibembe au Kifuliiru. Penye sufuria kilitumika Kiswahili cha Bukavu, kile kisemacho batu badala ya watu na mutoto badala ya mtoto. Ni katika lugha hiyo iliyodharauliwa na walimu kwamba masomo ya Kifaransa yalifafanuliwa usiku hadi yakaeleweka.

Tahadhari juu ya furaha

Hata hivyo, kumbukumbu tamu haina budi kupimwa. Kwanza, ni kumbukumbu ya wanaume zaidi kuliko wanawake. Wasichana vyuoni walikuwa wachache, na si kila mzazi aliyekubali binti yake apange chumba mtaani. Pili, ni kumbukumbu ya waliosalia. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini Bukavu, na mji ukaangukia mikononi mwa waasi na wenzao wa Rwanda. Vita vingine vikafuata mwaka 1998. Waliokufa na waliopotea njiani hawasimulii habari za sambaza. Tatu, njaa ya ujana ikishapita hugeuka kichekesho, lakini ilipokuwapo ilikuwa njaa.

Wapo kwa hiyo wanaosema kwamba furaha hiyo ni udanganyifu wa uzee. Hoja hiyo haitoshi. Wanaokumbuka hawasifu bati linalovuja. Wanawasifu watu waliowasogezea ndoo ya kukinga maji. Kinachokumbukwa ni wajibu uliobebwa na wasiopaswa kuubeba. Serikali ilipoacha kulaza na kulisha wanafunzi wake, kazi hiyo ilifanywa na akina mama wa Bagira, bila mshahara wala cheo.

Hitimisho

Historia ya vyuo vya Bukavu huandikwa kwa kutaja amri za kuanzishwa kwake, wakuu wake na majengo yake. Kwa kipimo hicho Bagira haimo. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayeingia ndani ataona kwamba mtaa uliojengwa ili kumweka Mwafrika mahali pake ndio uliowapa wengi nafasi ya kutoka mahali hapo. Wenye nyumba wa miaka ile sasa ni wazee, na wengine wameshazikwa. Masimulizi yao yanastahili kukusanywa sawasawa na yale ya waliohitimu, maana mwenye shahada anakumbuka chumba alichopangishwa, lakini ni mwenye nyumba anayejua ni kodi ngapi hakulipwa, na kwa nini hakumfukuza mtu.