Ridhaa ya Mkopo Kabla ya Mnada: Historia Fupi ya Rehani za Nyumba Ibadakuli na Ukanda wa Migodi

Makala hii inachunguza ni kwa nini hatua ya kupata ridhaa ya mkopo benki kabla ya kutoa bei ya nyumba haijazoeleka katika Kata ya Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga. Hoja kuu ni kwamba ridhaa hiyo ina sehemu mbili: ya mkopaji na ya nyumba yenyewe. Historia ya ukanda huu imezijenga sehemu hizo kwa nyakati tofauti, na mara chache zimekutana.

Kabla ya uhuru, mshahara na nyumba vilitoka mkononi mwa mwajiri mmoja. Baada ya John Williamson kugundua almasi Mwadui mwaka 1940, mgodi uliwapa wafanyakazi wake makazi. Nyumba ya kampuni haikuwekwa rehani wala kurithiwa. Ajira ilipokoma, mfanyakazi aliirudisha. Hivyo, ingawa mshahara ulikuwapo, dhamana haikuwapo.

Serikali huru ilijaribu kuziba pengo hilo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Benki ya Nyumba Tanzania ikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Benki hiyo iliposambaratika mwaka 1995, nchi ilibaki bila benki maalumu ya mikopo ya nyumba. Wananchi waliendelea na njia waliyoimudu: kununua kiwanja, kufyatua tofali na kujenga chumba kimoja baada ya kingine. Katika utaratibu huo fedha haziombewi ridhaa, zinangojewa.

Mageuzi yalirejea kupitia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, marekebisho yake ya mwaka 2004, na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008. Mwaka 2010 iliundwa kampuni ya TMRC ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu. Hata hivyo, benki hutaka hati miliki, tathmini ya nyumba, na ridhaa ya mwenzi wa ndoa pale ambapo nyumba ya familia inawekwa rehani. Anayemiliki kiwanja kisichopimwa, kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, hukwama hapo. Mchimbaji mdogo hukwama mapema zaidi, kwa kuwa kipato chake hakina hati ya mshahara.

Athari ya pengo hili huonekana wazi mnadani. Katika mnada wa amri ya mahakama, mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo, na salio ndani ya takribani wiki mbili. Muda huo hautoshi kuanza maombi ya mkopo, kufanya tathmini na kusajili rehani. Asiyekamilisha malipo anaweza kupoteza amana yake, na nyumba ikauzwa upya. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha taslimu humshinda mwenye mshahara wa uhakika, hata kama huyo wa pili angeweza kulipa bei kubwa zaidi kwa miaka mingi.

Hata hivyo, tahadhari ya benki ina msingi wa kihistoria. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, baada ya miaka 12 tu. Mkopo wa miaka 15 au 20 ungeishi kuliko mgodi uliotarajiwa kuulipa.

Kwa hiyo, ridhaa ya awali haipaswi kuchukuliwa kuwa ahadi ya nyumba. Ni kipimo cha uwezo wa mkopaji, kinachomwonyesha mwisho wa bei yake kabla dalali hajagonga nyundo. Ili kipimo hicho kiwe na maana Ibadakuli, upimaji wa viwanja na utoaji wa hati hauna budi kutangulia. Bila hayo, benki itamridhia mtu na kuikataa nyumba yake.