Si Wilaya, ni Kikoa

Kijitabu kimoja cha kilimo kilichonifikia hapa Lugulu kina sura yenye kichwa hiki: "Uwekaji Mipaka ya Mauzo ya Bidhaa ya Wilaya za Uhifadhi wa Mchanga na Maji". Mkulima wa Misikhu akikisoma ataelewa kwamba kuna wilaya inayouza mchanga, na sasa imekatazwa. Aliyekitafsiri hakukusudia hilo, lakini ndilo aliloandika.

Mchanga tuumalize upesi. Kinachotoka mashambani mwetu mvua ya Aprili ikipiga, mpaka Nzoia ikawa nyekundu, ni udongo. Mchanga ni wa kujengea. Watanzania hawakubabaika: mradi wa Dodoma wa mwaka 1973 waliuita Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1986 ikafuata Hifadhi Ardhi Shinyanga. Tungewaiga tu.

Kinachoniudhi hasa ni wilaya. Neno hili lina ukoo wake, na ukoo huo ni wa utawala. Limetoka Kiarabu pamoja na wali, yule mtawala wa jimbo, aliyefika pwani yetu akaitwa liwali na kuketi barazani kwa niaba ya Sultani. Liwali anatumwa kutoka juu, na wilaya ni eneo lake. Waingereza wakalirithi, wakamweka humo DC. Katiba ya 2010 ilipotuletea kaunti, mzee wa hapa aliendelea kusema "wilayani" akimaanisha mahali pa kwenda kuitwa na kuulizwa. Sasa mwambie mzee huyo kwamba wilaya imekuja kuhifadhi udongo wake. Atakumbuka amri za kikoloni za kuchimba matuta. Waluguru wa Morogoro, ambao jina lao ni lile lile la mlima tulilonalo sisi wa Lugulu, walilazimishwa matuta ya ngazi kuanzia 1950, na mwaka 1955 wakaasi hadi mpango ukaachwa.

Chombo kinachozungumzwa kijitabuni ni kingine kabisa. Kilizaliwa Marekani mwaka 1937, baada ya dhoruba za vumbi kukomba mashamba ya nyanda za kati. Wakulima wa eneo moja wanakubaliana, wanachagua halmashauri yao, wanasaidiana kuzuia mmomonyoko. Leo viko takriban 3,000. Vingi huwauzia wakulima miche kila majira ya kuchipua, na wenye vitalu binafsi hulalamika kwamba chombo kinachosaidiwa kwa fedha za umma kinawavunjia soko. Ndipo linapozuka suala la kuwekea mauzo hayo kikomo.

Chombo hicho ni kikoa. Nimelitetea neno hili mbele ya watu waliosoma kunizidi, na nitalitetea tena. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo: kikoa ni mlo wa shirika, kila mshiriki akiuandaa kwa zamu yake, na watu wa pwani husema kula kikoa. Leo napika mimi, kesho wewe, kesho kutwa jirani. Anayekula bila kupika anajulikana. Na koa, nalo ni pete ya madini inayokaza kitu kisipasuke; mimi nasikia undugu kati ya pete hiyo na duara la walaji waliozunguka sinia. Katika neno hili hamna liwali, na kikomo cha mauzo kimo ndani yake tayari, kwa maana anayepikia kikoa hapikii wapita njia. Siku atakayoanza kuwauzia atakuwa amefungua hoteli, na hoteli ina leseni yake na washindani wake.

Nimejibiwa kwamba kikoa kimeshachukuliwa. Ni kweli: kamati moja ya istilahi za kompyuta ilikiokota na kukifanya jina la anwani za intaneti. Niliwatumia pendekezo langu kwa barua mbili, na hakuna iliyojibiwa. Neno la watu kulishana zamu kwa zamu limepewa kitu ambacho mtu hukilipia peke yake kila mwaka, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini. Mwingine ananishauri nitumie jumuiya, kwa kuwa Sheria ya Maji ya 2002 na ile ya 2016 zimetupa jumuiya za watumiaji maji. Jumuiya ni neno la heshima, lakini linabeba hata Afrika Mashariki nzima; halisemi nani anapika leo. Na wanaotaka chama wasahau: hapa Bungoma chama ni cha siasa au cha pesa za mzunguko.

Ajabu ni kwamba vitabu vya Kiingereza vya fani hii vimeazima kwetu fanya juu, lile tuta la Machakos ambalo udongo wake hutupwa upande wa mlimani, na huliandika hivyo hivyo bila kulitafsiri. Wageni wameuamini msamiati wetu, nasi tunawatafsiria wenyeji kwa neno la bomani.

Kwa matumizi, basi: kikoa cha hifadhi ardhi, wingi vikoa, kikomo cha mauzo ya kikoa. Kikoa kitoe miche ya grevilea, kaliandra na nepia ya kushikia kingo za mitaro ya wanachama, kwa bei ya kurudisha gharama. Miche ya maua na miti ya kupamba ua kiwaachie vijana wenye nasari kando ya barabara ya Webuye hadi Kitale, wanaonyeshea vijifuko vyeusi kwa mkebe uliotobolewa na kulipa karo kwa miche hiyo hiyo.