Hita ya maji ya sola: inavyofanya kazi na namna ya kuifunga nyumbani

Baridi ya Juni na Julai ikiingia Njombe, Makete na Mufindi, swali moja hurudi kwenye simu za studio yetu: hita ya sola inaweza kweli kupasha maji huku nje kuna ukungu na baridi kali? Jibu fupi ni ndiyo, ikichaguliwa na kufungwa vizuri. Ikifungwa vibaya, fedha za viazi na parachichi zinakaa juu ya paa bila faida.

Inavyofanya kazi

Hita hii si paneli ya umeme wa taa na kuchaji simu. Yenyewe hupokea jua na kulipeleka kwenye maji moja kwa moja. Nyingi hazihitaji hata pampu: maji yakipata joto huwa mepesi, hupanda kwenye tanki lililo juu, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Tanki limezungushiwa sponji nene ndani ya ukuta wake, hivyo maji ya jioni huwa bado ya moto alfajiri, mfano wa chupa ya chai.

Kinachopasha ni jua, si joto la hewa. Siku ya baridi yenye jua itakupa maji ya moto. Siku ya mawingu mazito tangu asubuhi, tarajia maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana hita nyingi huwa na nafasi ya kuweka koili ya umeme ya akiba.

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 45 kwa umeme kunakula karibu uniti tatu na nusu. Kwa kuni ni mzigo wa kubeba, na mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto.

Ipi ya kununua

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ni bapa, sanduku lenye kioo juu na mabomba ndani. Ni imara, lakini usiku wa baridi kali hupoteza joto haraka, na penye barafu kama uwanda wa Kitulo maji yanaweza kuganda ndani na kupasua mabomba. Ya pili ni ya mirija ya vioo viwili isiyo na hewa katikati. Hii hushika joto vizuri zaidi kwenye baridi na upepo, ila vioo huvunjika. Kitako cha mrija chenye rangi ya fedha kikigeuka cheupe, mrija huo umeingiza hewa na ubadilishwe.

Kwa ukubwa, piga hesabu hivi: anayeoga kwa ndoo hutumia kama lita 10 za maji ya moto, akichanganya na ya baridi. Familia ya watu sita inatosheka na lita 100, hata vyombo vikioshwa humo.

Kuifunga

• Kwetu kusini mwa ikweta, hita ielekee kaskazini, kwa kuwa mwezi Juni jua la mchana huwa upande huo. Iinamishwe nyuzi 20 hadi 30.
• Kusiwe na kivuli cha mkaratusi wala cha nyumba ya jirani.
• Lita 150 za maji ni kilo 150, bado tanki lenyewe. Fundi akague kenchi kwanza. Paa likiwa dhaifu, jenga fremu ya chuma chini, karibu na bafu.
• Tanki la maji baridi liwe juu kuliko hita, la sivyo maji hayatafika.
• Bomba la maji ya moto liwe PPR au la chuma, lisiwe PVC ya kawaida, kwani hulainika. Livikwe sponji, na liwe fupi kadiri inavyowezekana.
• Hita isiyo ya presha ina bomba la kupumulia. Lisizibwe kamwe, tanki linaweza kubonyea au kupasuka.
• Hita ya mirija ijazwe maji asubuhi mapema au jioni. Maji baridi yakiingia kwenye mirija mikavu iliyochomwa na jua la mchana, vioo hupasuka.

Usalama

Wakati wa kiangazi maji yanaweza kuzidi nyuzi 80, na hayo huunguza mtoto mara moja. Weka maji ya baridi kwenye beseni kwanza, kisha ya moto, ujaribu kwa mkono kabla mtoto hajaingia. Na maji ya hita si ya kunywa: ya kunywa yachemshwe jikoni kama kawaida.

Kabla ya kulipa

Muulize muuzaji mambo matatu: dhamana ni ya muda gani, mirija ya akiba inapatikana wapi, na nani atakuja tanki likivuja. Tunashauri pia umtembelee mtu aliyefunga hita ya aina hiyo angalau mwaka mzima, ufungue bomba lake alfajiri na uguse maji mwenyewe. Ukinunua, dai risiti na uitunze.