Kila Kifaa na Namba Yake: Historia ya Anwani katika Mitandao ya Viwanda

Katika mtandao wa kuendeshea mitambo, anwani ni namba inayokitofautisha kifaa kimoja na vingine vyote vilivyounganishwa nacho. Kwa namba hiyo kidhibiti hupeleka amri ya kufunga kwa vali ya tatu na si ya nne, na mwendeshaji aliyeketi mbele ya skrini huamini kwamba mgandamizo anaousoma ni wa tangi analolitazama. Namba ikikosewa, mtambo unaweza kuendelea kunguruma kama kawaida huku skrini ikionyesha hali ya tangi jingine kabisa. Hatari hiyo ndiyo iliyosukuma mabadiliko mengi yaliyopatikana katika fani hii kwa zaidi ya miaka arobaini.

Rasi ya Rubona, kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi nchini Rwanda, ilikuwa na kiwanda cha gesi kabla anwani za namna hii hazijabuniwa. Kampuni ya Bralirwa ilianza kutengeneza bia hapo mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wabelgiji wa Union Chimique Belge walijenga mtambo wa majaribio wa kuvuta gesi ya methani kutoka Ziwa Kivu, na gesi hiyo ikawaka chini ya mabwela ya kiwanda cha bia. Kanuni yake ni rahisi kuieleza: bomba huteremshwa hadi kwenye maji ya kina yaliyojaa gesi, maji yakaanzishwa kupanda, na kadiri yanavyopanda mgandamizo hupungua, mapovu yakatokea na kuyavuta maji mengine nyuma yao. Juu, gesi hutenganishwa na maji, kisha huoshwa ili kupunguza kaboni dioksidi. Kuisimamia kanuni hiyo usiku na mchana ndiko kugumu, kwa kuwa mgandamizo, mtiririko na kiwango cha maji lazima vijulikane kila dakika.

Katika viwanda vya enzi hizo kila kipimo kilikuwa na njia yake peke yake. Ilikuwa ama bomba jembamba la hewa iliyoshindiliwa, ama jozi ya nyaya iliyotoka kwenye kipimo hadi kwenye saa ya kusomea kipimo, ukutani katika chumba cha uendeshaji. Anwani haikuhitajika, kwani waya wenyewe ulikuwa anwani. Fundi aliyetaka kuhakikisha kwamba saa fulani ni ya tangi fulani aliufuata waya kwa mkono, akasoma kibandiko kwenye ncha zote mbili. Kazi ilichosha, na kiwanda kikubwa kilimeza nyaya kwa maelfu ya mita, lakini ukweli wake ulishikika.

Mambo yaligeuka Marekani. Kikundi cha Dick Morley kilichora mwaka 1968 kidhibiti kinachopokea programu badala ya kufungwa upya nyaya zake, na kampuni ya Modicon ikakiuza kwa watengenezaji wa magari. Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ilitoa Modbus, utaratibu wa mazungumzo uliowezesha vifaa vingi kutumia jozi moja ya nyaya. Kila kifaa kilipewa namba kati ya 1 na 247. Kidhibiti kiliita namba, mwenye namba akajibu, wengine wote wakanyamaza. Kwa nyaya za kiwango cha RS-485, kilichofuata miaka michache baadaye, vifaa 32 vya kawaida viliweza kukaa kwenye mstari mmoja, na kwa kiwanda cha wastani hiyo ilitosha.

Namba hizo ziliwekwa kwa kidole. Nyuma ya kifuniko cha kifaa kulikuwa na safu ya swichi ndogo, kila moja ikiwa na thamani mara mbili ya iliyotangulia: 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea. Aliyetaka namba 37 aliwasha ya kwanza, ya tatu na ya sita kwa ncha ya bisibisi, maana 1 na 4 na 32 ni 37, kisha akazima na kuwasha umeme ili kifaa kiisome namba upya. Kosa la kawaida lilikuwa kuviachia vifaa viwili namba moja. Vyote viwili vilijibu kwa pamoja, majibu yakagongana kwenye waya, na kidhibiti kikaona makelele tu. Hata hivyo swichi hizo zilikuwa na sifa ambayo mafundi wengi wanaikumbuka kwa haki: anwani ilionekana kwa macho hata umeme ukiwa umekatika.

Wakati huo huo ofisi zilikuwa zikijenga mtandao wao. Robert Metcalfe alieleza wazo la Etheneti kwenye waraka wa Mei 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Mtandao huo ulipofikia umbo la kibiashara mwaka 1980, kila kifaa kilitoka kiwandani na namba ya biti 48, ile inayoitwa anwani ya MAC, ambayo nusu yake ya kwanza humtaja mtengenezaji. Juu yake ikaja anwani ya IP, iliyopangwa mwaka 1981 kwa namba nne zinazotenganishwa na nukta. Ya kwanza hukitambulisha kifaa chenyewe, ya pili hutaja nafasi yake mtandaoni. Utaratibu wa ARP wa Novemba 1982 huziunganisha mbili hizi kwa kuuliza mtandao mzima nani mwenye IP fulani, na mwenyewe hujibu kwa kutaja MAC yake.

Viwanda vilisita kuipokea Etheneti, na vilikuwa na sababu. Kwenye waya wa pamoja ujumbe uligongana na kurudiwa, na hakuna aliyeweza kuahidi kwamba amri ya kufunga vali ingefika kwa wakati. Swichi za mtandao za miaka ya 1990, zinazokipa kila kifaa njia yake, ziliondoa kikwazo hicho. Modbus ikahamia Etheneti mwaka 1999, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikafuata taratibu za EtherNet/IP, Profinet na EtherCAT. Tangu Februari 1996 tayari kulikuwa na mafungu ya anwani yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani, yakiwemo yale yanayoanza na 10 na 192.168, kwa hiyo kiwanda hakikulazimika kuomba ruhusa ya mtu.

Hapo anwani ikatoweka machoni, ikaingia kwenye kumbukumbu ya kifaa. Kuna vifaa vilivyobaki na alama ya zamani: magurudumu matatu madogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, ambapo kuweka 025 hukipa kifaa anwani 192.168.1.25. Vingi zaidi huomba anwani kwa BOOTP, utaratibu wa mwaka 1985, au kwa mrithi wake DHCP wa mwaka 1993. Fundi husoma anwani ya MAC kwenye kibandiko cha kifaa kabla hajakifunga ndani ya kabati, maana baadaye kibandiko hakifikiki. Kisha huwasha umeme na kusubiri MAC hiyo itokeze kwenye kompyuta mpakato ikiomba, huipa IP iliyopangwa, na mwisho hukiamuru kifaa kiache kuomba na kikariri kilichopewa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kifaa hufanya kazi vizuri kwa miezi, halafu siku umeme ukikatika huamka hakijui anwani yake, huomba tena, na kompyuta ya fundi haipo. Penye umeme wa kukatikakatika, kukiacha kifaa cha udhibiti kitegemee DHCP bila mpango ni kujitafutia matatizo. Profinet ilichukua njia nyingine: kifaa hupewa jina, na kidhibiti hulitafuta jina hilo na kukipa anwani kila kinapowaka.

Uhakiki una historia fupi lakini muhimu. Desemba 1983 Mike Muuss, mtafiti katika maabara ya jeshi la Marekani, aliandika programu ndogo ya ping, ambayo hutuma ujumbe na kungoja urudi. Mafundi bado huanza nayo, ingawa jibu lake huthibitisha tu kwamba kuna kifaa kwenye anwani hiyo, halisemi ni kipi. Ndiyo sababu fundi makini hufungua pia jedwali la ARP, akalinganisha MAC inayojibu na ile aliyoiandika kutoka kwenye kibandiko. Pia hukagua sabneti maski, namba inayotenga sehemu ya anwani inayotaja mtandao na ile inayotaja kifaa. Ikiwa ni 255.255.255.0, kompyuta yenye 192.168.1.200 itaongea na kifaa cha 192.168.1.20, lakini ya 192.168.2.200 haitakipata moja kwa moja hata kama waya umechomekwa na taa ni ya kijani. Tangu 2008 upo utaratibu unaokitaka kifaa kiulize kama anwani imeshachukuliwa kabla ya kuanza kuitumia, na kwenye vifaa vya EtherNet/IP taa ya mtandao ikiwaka nyekundu bila kupepesa, maana yake anwani imegongana na ya mwingine.

Uvunaji wa gesi ya Kivu nao umekua. Mwaka 2016 mradi wa umeme wa KivuWatt ulizinduliwa Karongi ukiwa na uwezo wa megawati 26, na mtambo wake wa kuvuta gesi unaelea umbali wa takriban kilomita 13 kutoka ufukweni. Katika wilaya ya Rubavu, Shema Power Lake Kivu ilipangiwa megawati 56. Kwa mtambo ulio mbali kiasi hicho na nchi kavu, kuufuata waya kwa mkono hakuwezekani, na anachokijua mwendeshaji kuhusu vali za ziwani ni kile tu ambacho mtandao umemwambia. Modbus ya 1979 haiulizi neno la siri, wala ilipohamia Etheneti haikuanza kuliuliza. Anayeifikia anwani ya kifaa anaweza kukiamuru. Anwani ngeni inayojibu usiku, isiyo kwenye orodha ya kiwanda, ni jambo la kusimamishia kazi mpaka mwenyewe ajulikane.

Orodha hiyo ndicho kitu kinachokosekana mara nyingi zaidi: jina la kifaa, mahali kilipo, MAC, IP, tarehe ya kuhakikiwa na aliyehakiki. Vyuo vya ufundi vinavyowalea mafundi wa eneo la Ziwa Kivu, kile cha Karongi kikiwemo, vinaombwa vimfundishe mwanafunzi kuiandika orodha kwa mkono kabla ya kumfundisha programu yoyote ya kusanidi, na wakuu wa mitambo waikatae kazi ya mkandarasi anayeondoka bila kuikabidhi.