Nahodha na Fungu Lake: Maneno ya Chomboni Yaliyopanda Bara

Kimulot, katika nyanda za chai za Bomet nchini Kenya, iko mbali sana na bahari. Lugha ya nyumbani huko ni Kikipsigis. Kiswahili ni lugha ya shule, soko na barabara. Hata hivyo, timu ya mpira ina nahodha wake, na dereva wa lori lipelekalo chai Mombasa hushika usukani na kubeba shehena. Maneno haya ni ya chomboni. Makala haya yanakusudia kuonyesha maana iliyoachwa pwani yalipopanda bara.

Ushahidi mmoja mzuri ni wa Alan Villiers, baharia wa Australia, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika Bayan, chombo cha Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Walishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, wakapakia boriti katika delta ya Rufiji, kisha wakarejea kwao na kusi.

Mabaharia hao waliingia bandarini kwa ngoma na nyimbo. Kwa miezi mingi walikuwa wamekula sinia moja na kutweka tanga kwa sauti moja. Lakini udugu wao ulikuwa pia na hesabu. Hawakuwa watu wa mshahara. Gharama za chakula zikishaondolewa, nusu ya pato ilikuwa ya chombo, na nusu ya pili iligawanywa mafungu. Safari ikiwa na hasara, kila fungu lilipungua, la nahodha pia.

Hata hivyo, hatuna budi kujihadhari tusiipambe hali hiyo. Wengi walikuwa na deni kwa nahodha, naye alikuwa na deni kwa wafanyabiashara. Furaha ya kufika haikudumu: baada ya muda mfupi wengine walikwenda kupiga mbizi za lulu, na msimu ulipogeuka deni likawarudisha chomboni.

Methali isemayo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama hufundishwa hata katika shule za bara, nayo yahusu amri tu. Ndivyo neno lenyewe, lenye asili ya Kiajemi, lilivyopokewa: amri ilipanda bara, fungu na deni vikabaki forodhani. Kwa hiyo, kamusi ikimweleza nahodha kuwa ni kiongozi tu, haikosei, ila imesimulia nusu ya safari.