Wali mweupe ulivyolegeza jeshi la Japani

Mwaka 1883 meli ya kivita ya Japani, Ryujo, ilirudi kutoka safari ndefu na habari mbaya. Kati ya watu 376 waliokuwemo, 169 waliugua beriberi na 25 wakafa. Ugonjwa huu huanza kama uchovu tu: miguu mizito, ganzi, pumzi kukata. Mwishowe moyo hushindwa kazi.

Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, aliona kwamba maofisa, waliokula mchanganyiko wa vyakula, hawakuugua sana. Walioanguka ni mabaharia wa kawaida, walioshindia wali mweupe. Basi mwaka 1884 meli nyingine, Tsukuba, ikapitishwa njia ileile, safari hii ikiwa na nyama, maziwa na mikate. Waliougua walikuwa 14 tu, na beriberi haikuua hata mmoja.

Takaki alidhani kilichokosekana ni protini. Hapo alikosea, ingawa chakula chake kilifanya kazi. Madaktari wa jeshi la nchi kavu, akiwemo Mori Rintaro, waliamini beriberi inaletwa na vijidudu. Maelezo ya Takaki hayakuwaridhisha, wakayatupa pamoja na takwimu zake. Wali mweupe ukaendelea. Katika vita na Urusi vya 1904–1905, beriberi iliua askari wa Japani wapatao 27,000.

Wakati huo jibu lilishaanza kuonekana kisiwani Java. Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu, na wakipona wakipewa usiokobolewa. Mwaka 1901 mwenzake, Gerrit Grijns, akaeleza kwamba kwenye pumba kuna kitu ambacho mwili hauwezi kukikosa. Mwaka 1926 kitu hicho kilitengwa kikiwa safi: thiamini, yaani vitamini B1.

Sasa, B1 inaleta nguvu? Yenyewe haina nguvu. Nguvu iko kwenye wali. Thiamini husaidia seli kuitoa humo, kama kiberiti kinavyowasha kuni. Bila kiberiti, kuni zinabaki kuni. Lakini moto ukishawaka, kuongeza njiti hakukupi joto zaidi. Ndiyo maana kidonge cha B1 humwinua mwenye upungufu, ila hakimpi mbio asiyepungukiwa.

Wale askari hawakukosa chakula. Walikula wakashiba, na takwimu za Tsukuba zilikuwepo miaka 20 kabla ya vita.