Timor ya Mashariki: Taifa Lililokimbilia Kanisani

Wareno waliitawala Timor ya Mashariki kwa karne kadhaa, mapadri wao wakihubiri miaka yote hiyo, na bado walipoondoka mwaka 1975 Wakatoliki hawakufika theluthi moja ya wananchi. Leo, katika kila watu kumi, zaidi ya tisa ni Wakatoliki. Na waliobatizwa kwa wingi walibatizwa chini ya utawala wa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani.

Wengi wao kabla ya hapo walishika dini ya mababu. Kila ukoo ulikuwa na uma lulik, nyumba takatifu ya nguzo na paa refu la nyasi, inayohifadhi vitu walivyoacha wazee. Indonesia ilipovamia tarehe 7 Desemba 1975, ilikuja na itikadi yake ya Pancasila, inayodai imani kwa Mungu mmoja. Raia alitakiwa kuandikisha mojawapo ya dini zinazotambuliwa na serikali, na ya mababu haikuwamo.

Watu wakachagua Kanisa, na walikuwa na sababu. Jimbo Katoliki la Dili, mji mkuu, liliwajibika moja kwa moja kwa Vatikani, si kwa maaskofu wa Indonesia. Kireno kilipopigwa marufuku, Kanisa liliamua mwaka 1981 kusali kwa Kitetum, lugha ya wenyeji. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ulijenga taifa kuliko hotuba yoyote, maana nchi hiyo ina lugha nyingi, Kimambae, Kimakasae, Kifataluku na nyinginezo, na sasa watu wake walikuwa wakiomba pamoja.

Tarehe 12 Novemba 1991, baada ya misa katika kanisa la Motael mjini Dili, umati uliandamana hadi makaburi ya Santa Cruz kumkumbuka kijana aliyeuawa wiki mbili kabla. Wanajeshi wa Indonesia wakawamiminia risasi, na zaidi ya watu 200 wakafa. Mpigapicha Mwingereza, Max Stahl, alizika kanda zake kaburini, akarudi usiku kuzifukua. Picha hizo ndizo zilizoiamsha dunia.

Katika kura ya maoni ya tarehe 30 Agosti 1999, asilimia 78.5 walikataa kubaki Indonesia. Wanamgambo walioiunga mkono Indonesia walijibu kwa kuchoma miji. Umoja wa Mataifa ukashika usukani hadi uhuru, tarehe 20 Mei 2002.

Rais huchaguliwa na wananchi kwa miaka mitano, waziri mkuu huongoza serikali, na Bunge lina viti 65. Rais wa kwanza baada ya uhuru alikuwa Xanana Gusmão, kiongozi wa wapiganaji wa msituni. Waziri mkuu alikuwa Mari Alkatiri, Mwislamu wa asili ya Hadhramaut, aliyeishi uhamishoni Msumbiji miaka yote ya uvamizi. Katiba inatambua na kuthamini mchango wa Kanisa katika ukombozi, lakini haikuufanya Ukatoliki kuwa dini ya dola.